Jiwe la Nje ya Uzio

Mzee Dunstan hakuwa na gari, wala leseni ya kuendesha gari la mtu. Hakuwa na Kiingereza cha mdomoni. Cha machoni alikuwa nacho cha kutosha, maana kila asubuhi alisoma gazeti kamusi ikiwa pembeni, lakini maneno yale yale yakitoka kinywani mwa muuza duka yalimpita kama nyuki. Hakuwa na mke; Mungu alikwisha kumchukua. Hakuwa na kihamba cha kukizunguka alfajiri akigusa mikungu ya ndizi. Alichokuwa nacho ni kipande cha nyasi mbele ya nyumba ya binti yake huko Bowie, jimbo la Maryland, nacho kilikatwa na vijana wa kampuni, na yeye aliombwa asipande kitu. Hakuwa na mtu wa kumwamkia njiani, kwa sababu njiani hapakuwa na watu, palikuwa na magari. Hakuwa na subira, ingawa hiyo hakuipotezea Marekani; alisafiri bila hiyo.

Hayo yote angeyameza. Lililomkaa kooni lilikuwa moja: hakuwa na jiwe.

Habari ya jiwe ilianzia Lyamarua, kigango alichobatiziwa, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kanisa lao la zamani lilipasuka ukuta mvua za masika, waumini wakakata shauri wajenge jipya. Paroko akaja na wazo lililompendeza kila mtu. Wana wa Lyamarua walio mbali, kila mmoja alete jiwe moja kutoka kanisa kongwe la huko aliko, na mawe hayo yote yalale kwenye msingi chini ya altare, kila moja likitajwa kwa jina la aliyelileta. Kwa watu wa Lyamarua hilo halikuwa jambo geni. Dunstan mwenyewe, wakati wa katekisimu, alibeba mawe kichwani kutoka mtoni kwa ajili ya lile kanisa lililopasuka, na mtoto aliyefika mikono mitupu alirudishwa mtoni kwa fimbo.

Wa kwanza kuleta alikuwa Method. Huyu alikuwa hirimu yake, walipewa kipaimara siku moja, na sasa alikula uzee wake Ujerumani kwa mwanawe. Akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la simu la wana Lyamarua wote, akimwita meku, yaani mzee, kama wanavyoitana kwao.

"Meku Dunstan! Jiwe langu limefika, Paroko amelipokea kwa mikono miwili. La kwako liko wapi? Au huko Marekani hakuna mawe, kuna plastiki tu?"

Kundi zima likacheka. Wengine walituma vile vikatuni vya kutoa machozi kwa kicheko, na Dunstan aliviangalia kimoja kimoja. Akabonyeza kitufe, akasema kabla hajafikiri: "Mimi naleta jiwe la kanisa la Wajesuiti, lililojengwa hata Marekani yenyewe haijawa nchi. Jipangeni."

Alikuwa amesoma kwenye gazeti la Jumapili kwamba magofu ya kanisa la namna hiyo yapo, ng'ambo ya Upper Marlboro, mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Kusoma alisoma. Kufika ndiyo ikawa kazi.

Rosemary akimsaidia kusikiliza, alipiga simu ofisi ya serikali pale Upper Marlboro, akaambiwa magofu ni ya kanisa. Akapiga ofisi ya kanisa, akaambiwa yametolewa kwa watu wanaotunza historia. Watu wanaotunza historia walikuwa na mashine inayopokea simu, ikamshukuru sana kwa kupiga, ikakata. Akaandika barua. Akajibiwa kwa karatasi nzuri kwamba barua yake imepokelewa. Akaandika nyingine kuuliza kama hiyo iliyopokelewa imesomwa.

"Baba, jiwe ni jiwe," Rosemary, binti yake, alimwambia akivua viatu vya kazini. "Nikitoka ofisini kesho napita duka la bustani, nakuchukulia zuri kabisa, limeshasafishwa. Nani atajua?"

"Mungu."

"Mungu ana-care jiwe limetoka wapi?"

"Na wewe kweli ulibatizwa?"

"Nilibatizwa, baba, na kesho nina mkutano saa mbili. Dada Vumilia anaruka Jumanne. Ukitaka abebe kitu, kiwe hapa Jumatatu. Mimi Jumamosi nina zamu, usinitegemee."

Vumilia alikuwa muuguzi wa Laurel, mzaliwa wa Moshi, na alikubali kutenga nafasi kwenye sanduku lake. Msafiri mwingine hakuwepo mpaka baada ya siku ya kuweka msingi. Kwa hiyo jambo likawa wazi kwa kila aliyekaa kwenye ile sebule, hata kwa isale lililokuwa pembeni ya televisheni: jiwe lipatikane Jumamosi, au Dunstan awe kicheko cha Lyamarua mpaka azikwe.

Isale lile ni kweli lilikuwepo. Rosemary alilikuta dukani ndani ya chungu cheupe, akalipenda, akalileta nyumbani kama ua. Siku Dunstan alipoliona mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini. Huko kwao isale ni mpaka wa shamba, ni alama ya kaburi, na ni neno la mwisho la mtu aliyekosa. Ukimkosea mwenzio, unakata jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea kwa mikono miwili, naye hata kama ana kisu rohoni hawezi kulikataa. Wamarekani wanaliweka karibu na televisheni.

Aliyemwokoa siku ile ya Jumamosi ni Evariste. Huyu alikuwa Mkongo wa Uvira, mwimbaji wa sauti ya nne kwenye Misa ya Kiswahili, na kazi yake ilikuwa kutunza wazee majumbani huko Laurel. Alikuja na gari lake dogo lenye rozari kwenye kioo.

"Papa Dunstan, panda. Leo minakufikisha kwa Wajesuiti, hata kama bamekufa bote."

Walipotea mara mbili. Yule mwanamke wa ramani ya kwenye simu aliwaamuru wageuke kulia mahali ambapo kulia kulikuwa na bwawa. Walipita mabanda ya zamani ya kukaushia tumbaku, yameinama kama yanataka kulala, na kila walipouliza njia, mtu aliwaambia hajawahi kusikia kanisa kama hilo. Dunstan aliukumbatia mkoba wake magotini, na ndani ya mkoba leso safi ya kufungia jiwe.

Kisha wakalifikia. Alikuwa ameliwaza kanisa hilo kwa majuma mengi, na katika mawazo yake palikuwa na mlinzi wa sakristia mwenye funguo, labda na mshumaa. Alichokikuta ni kuta za matofali mekundu zisizo na paa, zimeegemezwa nguzo za chuma zisianguke. Dirisha la nyuma ya altare lilijaa anga. Mahali pa altare penyewe uliota mti. Kuzunguka yote hayo palikuwa na uzio wa waya mrefu kuliko mtu, na kwenye uzio kibao.

Dunstan akakisoma kwa sauti, taratibu, akitafsiri. "Ni marufuku kuingia, kupanda ukuta, au kuondoa kitu chochote kilichomo ndani ya uzio huu." Akakisoma tena. "Wamejua nakuja."

"Papa, mutu hayuko. Uzio iko na tundu kule nyuma."

"Mimi si mwizi, Evariste."

Akashika waya kwa mikono miwili, akasali Baba Yetu kwa hasira, kama mtu anayedai haki yake kaunta. Mita chache mbele yake, upande wa pili wa waya, matofali mazima yalikuwa yamelala kwenye nyasi, mengine yamevunjika nusu, hayana kazi yoyote, hayamfai mtu yeyote duniani ila yeye. Angeweza kuyahesabu. Mkono wake haukupita kwenye matundu ya waya; alijaribu, japo baadaye angekana.

Evariste alikuwa ameingia chini ya miti, nje ya uzio, akatafute pa kujisaidia. Akarudi mbio.

"Papa! Ile pano ya ku uzio inasema ndani ya lupango, ni vile?"

"Ndani ya uzio huu. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Voilà. Huku si lupango. Huku ni pori tu, na majiwe iko mingi."

Dunstan akarudi kwenye kibao, akakisoma mara ya tatu, safari hii kwa macho ya wakili. Ndani ya uzio huu. Hawakusema nje. Akajiona ameonewa na maneno siku nyingi na leo maneno yamemgeukia upande wake. Akafuata njia ya Evariste.

Chini ya miti ile palikuwa pazuri kuliko kanisani. Ardhi ilifunikwa na mmea wa kutambaa, majani mazito yanayong'aa, maua ya zambarau hapa na pale. Katikati ya majani yalisimama mawe, mafupi, hayafiki gotini, mengine yameinama. Dunstan alichagua moja lenye umbo la mkate, rangi ya kutu. Alidhani litang'oka kwa mkono. Lilikuwa limezama kama gego. Evariste akaleta spana ya magurudumu, wakachimbua, wakapokezana, wakatoa jasho, na mwisho jiwe likatoka na udongo mweusi na mizizi iliyokatika. Dunstan alilipangusa, akalibusu, akalifunga leso.

"Method," alisema peke yake, "sasa useme."

Walilifungia kwenye buti la gari. Dunstan alikuwa mtu mwingine. Akataka picha ya ushahidi, yeye mbele, kuta nyuma, na pembe nzuri kuliko zote ilikuwa pale pale chini ya miti. Wakati wanahangaika na simu, gari kuukuu likasimama nyuma ya la kwao, akashuka bibi mmoja Mweusi wa rika lake Dunstan, kofia pana, viatu vya mpira, na mkononi kifungu cha vibendera vidogo vya rangi ya machungwa. Dunstan akadhani huyu ni mtunza bustani wa pale. Akampungia mkono, akamwonyesha simu.

Bibi akawapiga picha, kwa furaha kabisa. Akauliza wametoka wapi. Dunstan akamjibu Tanzania, na kwamba yeye ni Mkatoliki, na bibi akashika kifua.

"Hata mababu zangu walikuwa Wakatoliki," alisema kwa Kiingereza cha pole pole, kama aliyezoea kusubiriwa. "Tangu zamani sana. Walikuwa mali ya mapadre wa kanisa hili."

Dunstan alilielewa kila neno peke yake. Kuyaweka pamoja ndiko kulikomshinda. "Mali?"

"Mali. Walinunuliwa na kuuzwa. Matofali yale unayoyaona waliyafinyanga wao, wakayachoma wao. Jumapili walisimama nyuma. Naitwa Ernestine, na nakuja hapa tangu miguu yangu ilipokuwa mizuri. Tunaomba hapa pazungushiwe uzio kama kanisa. Watu wa vipimo wanakuja wiki ijayo, ndiyo maana ya hivi vibendera."

"Vya nini?" Dunstan aliuliza.

"Makaburi," Bi Ernestine alisema. "Hawakuruhusiwa kuweka majina. Waliweka jiwe, na wakaotesha huu mmea, ili atakayekuja baadaye ajue pana watu."

Akaanza kutembea akichomeka vibendera, kimoja kwa kila jiwe, na kila alipochomeka alisema neno la chini kwa chini, kama mtu anayewaamkia wazee barazani. Kisha akafika penye shimo. Akasimama. Udongo ulikuwa bado mbichi.

"Hapa palikuwa na jiwe."

Evariste aliangalia viatu vyake, na viatu vyake vilikuwa na udongo mweusi, kwa hiyo akaangalia juu.

"Mmemwona mtu hapa?" Bi Ernestine aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliwauliza kama wenzake.

Dunstan alifungua kinywa. Kiingereza chote cha kwenye magazeti kilikuwa ndani, kimejikusanya kama watu kwenye mlango mmoja, hakuna anayetoka. Likapenya moja tu, lililo jepesi kuliko yote, ambalo hata mtoto wa chekechea analijua. Hapana.

Kwenye barabara kuu Evariste aliuliza, "Papa, turudishe?"

"Endesha gari."

"Yule mama..."

"Nimesema endesha! Nani aliniambia huku ni pori?"

"Mimi ni mutu wa Uvira, Papa. Mi nitajua makaburi ya Maryland?"

Dunstan alikikasirikia kibao kwa kuandikwa vile, Paroko kwa wazo lake, ofisi zote tatu na mashine inayoshukuru, na Method zaidi ya wote, Method ambaye jiwe lake huenda hata ni la barabarani.

Nyumbani waliliweka jiwe kwenye chumba cha kufulia. Rosemary akalichungulia.

"Ndilo hili? Baba, dukani yapo yanafanana nalo kabisa."

Alipotaka kutuma picha kundini, akaikuza kwanza kwa vidole. Ilikuwa picha nzuri. Yeye amesimama wima, tai imenyooka, kuta nyekundu nyuma yake. Na pembeni ya kiatu chake cha kushoto, wazi kama jino lililong'olewa, shimo. Bi Ernestine alikuwa amelipiga picha shimo kabla hajaliona. Dunstan akaifunga simu.

Kuanzia hapo kila kitu kilimkera. Mashine ya kufulia ilipozunguka, jiwe lilicheza kwenye sakafu, likagonga ukuta, na Rosemary akalalamika. Akalihamishia chini ya kitanda chake. Akaona haifai mtu kulala juu yake. Akalirudisha. Method akatuma sauti: "Meku, Wajesuiti wamekunyima?" Dunstan akaisikiliza amesimama chooni.

Hasira yake ilikuwa na sababu nyingine, naye aliijua. Kwao Lyamarua, juu kidogo ya nyumba ya baba yake, lilikuwepo kaburi la babu aliyekufa kabla ya wamisionari. Halikuwa na msalaba wala jina. Jiwe moja tu, na masale yamelizunguka. Mchuuzi mmoja wa ng'ombe alilichukua jiwe hilo akazuilie gurudumu la gari lake kwenye mteremko, akaenda nalo. Baba yake Dunstan alitembea kutwa nzima kumfuata. Mchuuzi akamwambia, mzee, nitakupa lingine, jiwe ni jiwe. Baba alikaa mlangoni kwa mchuuzi mpaka jioni. Mchuuzi alipoelewa akaja mwenyewe kesho yake, jiwe begani, isale mkononi. Baba akalipokea isale, akamkaribisha pombe ya mbege. Dunstan alikuwa mtoto aliyewamiminia maji ya kunawa siku ile. Katika watu wote waliopita chini ya ile miti, ni yeye hasa ambaye hakuhitaji kuambiwa kwamba lile si pori.

Jumatatu Vumilia alikuja na mizani ya mkononi ya kupimia masanduku.

"Shikamoo mzee wangu. Leta huyo mgeni wetu nimpime, nimemwachia kona nzuri katikati ya nguo."

"Marahaba. Safiri salama, mwanangu. Jiwe halipo."

Rosemary akatoka jikoni na mwiko. "Halipo vipi? Si liko pale kwenye mashine? Baba!"

"Lina mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Wiki nzima nyumba hii haijalala kwa ajili ya jiwe! Nimepigia watu simu, nimembembeleza Dada Vumilia, Evariste ameacha kazi yake Jumamosi, na leo halipo?"

"Halipo."

Vumilia aliwatazama baba na binti, akazungusha mizani yake mkononi. "Basi nitabeba sabuni," alisema.

Kesho yake Evariste alimrudisha kule. Walibishana njia nzima kuhusu nani ataongea kama yule mama yupo, na walipofika hakuwepo. Vibendera vya rangi ya machungwa vilikuwa vimeenea chini ya miti yote, vingi kuliko Dunstan alivyotaka kuvijua. Penye shimo palichomekwa kijiti chenye karatasi ndani ya plastiki. Dunstan akaisoma. Iliandikwa kwa mkono kwamba hapa palichukuliwa jiwe, aliyelichukua hatashitakiwa, tafadhali alirudishe, au aandike. Chini yake sanduku la posta la Upper Marlboro, na jina la Ernestine.

Akalitoa jiwe kwenye leso, akalishusha shimoni. Halikukaa. Akaligeuza, likayumba. Akaligeuza tena. Upande mmoja ulikuwa bapa na mwingine una kovu, na upi ulitazama kanisa na upi ulitazama msitu, yeye aliyeling'oa kwa mikono yake hakujua, kwa sababu siku ile aliliangalia jiwe kama mtu anayeangalia nyama buchani. Akapiga magoti, suruali ya suti ikaingia udongo. Akaligeuza mara nyingine.

"Papa, inatosha. Imerudi kwayo. Hakuna mutu atajua."

"Sijalirudisha," Dunstan alisema, akihema. "Nimeficha wizi pale pale ulipotokea."

Akalishindilia udongo lisianguke, akanakili ile anwani nyuma ya bahasha aliyokuwa nayo mfukoni, ile barua nzuri ya kumwambia kwamba barua yake imepokelewa.

Barua yake ilimchukua siku mbili kwenye meza ya jikoni. Rosemary alijitolea kuisahihisha, akakataliwa.

"Wewe utaiandika kiofisi. Huyu si ofisi."

"Basi andika tu sorry, baba. Neno moja. Watu wa hapa ndivyo wanavyofanya."

"Neno moja nililokwisha kumwambia linatosha."

Aliandika kwamba yeye ndiye aliyelichukua, na kwamba aliulizwa akakana. Hapo palikwenda vizuri. Maneno ya kukiri ni mafupi katika lugha zote. Aliandika kwamba jiwe limerudi lakini huenda limekaa kinyume, na kwamba anamwomba mama huyo aje amwonyeshe uso wa jiwe ulitazama wapi, na yeye Dunstan yuko tayari kuja siku yoyote, kulichimbua na kulisimamisha upya kwa mikono yake. Kilichomtesa ni jani. Kamusi haikumsaidia. Alifafanua isale ni mti gani, na barua ikawa kama kitabu cha kilimo. Alifafanua sheria yake, ikasikika kama anamlazimisha mama wa watu kusamehe. Akachana. Akaandika tena, akachana. Mwisho akamwandikia habari ya baba yake na mchuuzi wa ng'ombe, kama ilivyokuwa, akaishia pale baba alipolipokea jani.

Kisha akachukua kisu, akaenda sebuleni.

"Baba! Ua langu!"

"Siyo ua."

Alichagua jani la katikati, refu, lisilo na doa. Akalifunga fundo kama alivyoona likifungwa. Halikuingia kwenye bahasha. Rosemary, akinung'unika, akaenda kumtafutia kubwa.

Bado kulikuwa na Lyamarua. Dunstan akakaa kwenye kochi, akaweka simu mbele ya mdomo. "Ndugu zangu, jiwe langu msilisubiri. Nililolipata lilikuwa la kaburi la mtu, na nililing'oa mimi. Jina langu chini ya altare lisisomwe." Akatuma. Kisha ikaja sauti ya Method, kicheko kwanza: "Meku! Nilijua! Nilisema huko ni plastiki tu!" Dunstan aliisikiliza mpaka ikaisha, maana kukatiza ingekuwa ni kukimbia. Baada ya muda ikaja ya pili kutoka kwa Method yule yule, fupi, haina kicheko: "Kaburi la nani, Dunstan?" Hiyo hakuijibu, kwa sababu hakujua, na hapakuwa na mtu aliyejua.

Rosemary alirudi na bahasha. Akasimama anamwangalia baba yake akiingiza jani taratibu, fundo lisifunguke.

"Na asipojibu?"

"Isale halikataliwi."

"Hajui hiyo sheria, baba. Kwake ni jani tu. Anaweza akalitupa."

"Anaweza," Dunstan alisema kwa ukali, kama vile ni Rosemary aliyeiweka nchi hii mahali ilipo. "Unafikiri sijui?"

Akalamba gundi ya bahasha. Ilikuwa chungu. Akaifunga, akapitisha kidole gumba ukingoni mara mbili, akabandika stempu, akatoka nje bila koti. Sanduku la barua lilikuwa ukingoni mwa barabara, ng'ambo ya zile nyasi ambazo hakuruhusiwa kupanda kitu. Akaiweka ndani, akainua kile kibendera chekundu cha kumwita mtu wa posta, akabaki amesimama pale pale, mikono nyuma, mpaka gari la posta lilipofika, na mwanamke aliyeshika usukani akanyoosha mkono, akaichukua bahasha bila kuitazama, akaondoka nayo.